Sahani Nne za Bi Rehema

Sisi tuliozaliwa Amu, yaani Lamu, enzi zile tulimjua punda kabla ya kulijua gari. Mpaka leo, hata nikiwa katikati ya Mombasa, mtu akipiga honi nyuma yangu mimi hujibanza ukutani nikidhani ni punda amebeba matumbawe ya kujengea. Wanangu hunicheka. Nami huwaacha wacheke, kwa sababu wao walijua majina ya magari kabla hawajajua kufunga viatu, na hawajui walichokikosa.

Walichokikosa ni raha ya kutojua. Kisiwa chetu cha Lamu kilikuwa na gari moja, la serikali, refu, la rangi ya majani makavu, magurudumu yake matupu na nati zake nje kama meno. Likipita tulilikimbiza mpaka pumzi zikatuishia, kisha tukarudi barazani kwetu Wiyoni kubishana. Je, gari hulala limesimama kama punda, au hulazwa ubavu? Petroli ni chakula chake au ni maji yake ya kunywa? Mwenzetu mmoja aliapa kwamba gari likichapwa kiboko huongeza mbio. Mwalimu wa chuo cha Kurani alipopata habari kwamba ameapa kwa jambo asilolijua, aliyechapwa kiboko ni yeye, wala hakuongeza mbio.

Swali moja lilituchukua likizo nzima. Tulilipeleka msikitini, sokoni, kwa mama muuza mahamri, na kila mahali tukapewa jibu jingine. Siku hizi swali halikai. Mtoto hulitia kwenye simu kabla halijamwasha vizuri, na jibu likija halimshughulishi.

Lakini nilitaka kueleza habari za sahani za nyanya yangu.

Nyanya yangu mzaa mama, Bi Rehema, alikaa Mkomani, katika nyumba ya mawe yenye giza zuri na harufu ya udi na asumini. Chumba chake cha ndani kilikuwa na zidaka, vile vishubaka vya chokaa vinavyochongwa ukutani safu juu ya safu ili kupanga vitu vya fahari. Ndani yake alipanga sahani za kaure za mama yake, vibuyu viwili vya marashi, na kwenye safu ya juu kabisa, ambako mkono wa mtoto haufiki, sahani nne za chuma kinachong'aa. Zilikuwa za mviringo, zimetuna katikati, na pembezoni zilikuwa na mistari kama miale ya jua. Nyanya alimwita fundi wa chokaa azikandike kwa nyuma zisianguke. Kila mkesha wa Idi alipanda ngazi mwenyewe, akazisugua kwa jivu na ndimu, kisha akanyanyua mjukuu mmoja mmoja ajitazame. Uso wangu ulionekana mpana kama wa samaki wa chewa, nami niliona hilo ndilo jambo tamu kuliko nguo mpya.

Sahani hizo aliziacha babu, ambaye mimi sikumdiriki. Alikuwa akifanya kazi Mombasa, kushona viti vya magari. Mara ya mwisho alipokuja nyumbani alikuja nazo kwenye gunia, akamwambia mkewe, "Niwekee hizi pahali pazuri," akarudi kazini, na huko akaugua na kuzikwa. Nyanya akaziweka pahali pazuri kuliko pote alipopajua. Wageni wa kike walipokuja kwa maziko au kwa harusi, walikaribishwa chumba cha ndani, wakainua macho na kusema mashallah, naye akajifanya hakusikia. Alikuwa na kiburi kidogo nyanya yetu, Mungu amrehemu, kiburi cha mtu aliyetunza nyumba bila mume miaka mingi asionekane amepungukiwa.

Mwaka nilipotimiza miaka tisa, ilikuja barua kutoka Witu. Huko ndiko alikoolewa Bi Zena, mdogo wake nyanya, mtu wa pekee aliyebaki katika tumbo lao. Mwanawe aliandika kwamba macho ya Bi Zena yanafunga kidogo kidogo, na anachotaka ni kuuona uso wa dada yake kabla hayajafunga kabisa. Nyanya alisomewa barua mara tatu. Kisha akasema atakwenda, lakini basi hapandi, kwa sababu mara ya mwisho alipopanda alikalishwa karibu na mbuzi.

Ndipo mjomba Athmani, mwanawe wa kiume, akapata nafasi aliyokuwa akiingoja. Mjomba alikuwa fundi wa mashini za boti pale Mokowe, ng'ambo ya pili, na kwa muda mrefu alikuwa akiunda gari lake mwenyewe. Pua ilitoka katika gari dogo la kizamani la Mzungu mmoja aliyekufa Malindi. Kiuno na mgongo vilitoka kwenye pikapu. Rangi ilikuwa ya boti, nyeupe juu na kijani chini, na ukilitazama kwa mbali ulidhani linangoja maji yajae. Injini ilikuwa nzima, alhamdulillahi, kwa sababu injini ndiyo aliyoijua.

Magurudumu ndiyo yaliyotia aibu. Mawili ya mbele yalikuwa madogo, ya lile gari la Malindi. La nyuma kulia lilikuwa la pikapu. La nyuma kushoto lilitoka kwenye tela, na chuma chake kilikuwa cha rangi nyekundu. Watu wa Mokowe walikuwa wakija na watoto wao kulitazama. Mjomba alisema kinachotakiwa ni vifuniko tu, vile vya duara vinavyobandikwa katikati ya gurudumu, vinne vya namna moja. Ukivitia, alisema, hakuna atakayejua chini yake kuna nini.

Likizo ile nilikuwa nikivuka naye kila Jumamosi kumshikia taa na spana, kwa sababu wanawe walikuwa wachanga na mimi nilikuwa na maswali ambayo mama alikuwa amechoka kuyasikia. Siku moja akaja pale jetini bwana mmoja mzee kutoka bara, na gari lake la zamani lililotunzwa kama bibi arusi. Nilipoinama kutazama gurudumu lake nilijiona uso wangu, mpana kama wa chewa.

Nilikimbia kwa mjomba nikiwa sina pumzi. Nikamwambia vifuniko tunavyo, viko Mkomani, viko zidakani kwa nyanya. Hakushtuka. Alijipangusa mikono taratibu, akachuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na yangu.

"Mimi nina miaka kumi nayua," akasema. "Na mamako ayua. Na wewe sasa wayua. Fumba kanwa."

Nilifumba. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikijiuliza. Kwa hivyo nyanya alipokuwa akipanda ngazi na jivu na ndimu, watoto wake wote wawili walikuwa chini wamemshikia ngazi, wanajua, hawasemi? Na babu, je? Alimdanganya mkewe au naye alidanganywa? Kila swali lilizaa jingine, na hili halikuwa la kupeleka kwa muuza mahamri.

Nilivumilia siku tisa. Mjomba alikwisha kuzunguka miji ya Hindi na Mpeketoni kote, akirudi na kifuniko kimoja cha plastiki kilichopasuka. Barua ya pili ilikuwa imefika kutoka Witu, ikisema Bi Zena sasa hatofautishi mtu na mtu mpaka aseme. Siku ya tisa nyanya alivuka kwa mara ya kwanza kuja kulitazama gari lenyewe. Alilizunguka mara moja, buibui lake amelikamata kwa vidole viwili lisiguse grisi, akasimama kwenye lile gurudumu jekundu.

"Hili lina maguu ya watu watatu," akasema. "Siendi nalo kwa wakwe wa Zena. Tafuta vya kuyavika, nami nitakwenda."

Mjomba akasema, "Nimetafuta, mama. Havipatikani."

Nami nikasema. Sijui hata leo kilichonisukuma. Nadhani ni ile barua. Nadhani pia, na hili nalikiri nikiwa mtu mzima, nilitaka tu kuona itakuwaje.

"Nyanya, unavyo. Ni zile sahani za babu."

Mjomba alitazama chini. Nyanya alinitazama mimi, kisha akamtazama mwanawe, na katika uso wa mwanawe akasoma kwamba ni kweli na kwamba imejulikana siku nyingi. Hakunigombeza. Aliomba arudishwe Amu, na njia nzima alikaa ameupa mgongo upande tuliokaa sisi. Siku mbili hakutoka chumba cha ndani. Chakula kilipelekwa, mkate wa mofa na mchuzi wa papa, kikarudi kama kilivyokwenda. Mama hakunipiga, alisema tu, "Leo umeridhika?" na mimi nilitamani heri anipige.

Siku ya tatu nyanya aliita ngazi. Alimtuma mama apande na kisu cha jikoni, akwangue chokaa polepole. Sahani ya kwanza ilitoka na vumbi jeupe likatuangukia sote. Nyanya aliipokea, akaigeuza aipanguse nyuma, upande ambao hakuna aliyeuona tangu siku ile ya gunia, maana babu alizikabidhi zimefungwa kitambaa na fundi ndiye aliyezifungua na kuzikandika.

Nyuma palikuwa na maandishi ya rangi nyeusi, kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wetu walivyokuwa wakiandika Kiswahili chao. Nyanya hakujua kusoma barua za Witu zilizoandikwa kwa herufi za shule, lakini hizi alizijua tangu chuoni. Alisogea dirishani.

"Mbee, kuume," akasoma. Yaani mbele, upande wa kulia.

Ya pili ilisema mbele, kushoto. Ya tatu, nyuma, kuume. Ya nne ilikuwa na bonyeo ubavuni, nayo ilisema nyuma, kushoto. Nyanya alizipanga sakafuni mbili mbele na mbili nyuma, akakaa kando yake kwenye mkeka, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwona analia. "Hunu ni mkono wake," akasema. "Alikuwa na safari mtu hunu, wala sikuyua."

Mjomba alipoambiwa alicheka, kisha akaweka chini kazi aliyoishika. Alinieleza baadaye kwamba vifuniko vya gari havina kulia wala kushoto, vyote ni sawa, kokote vinaingia. Anayeandika kimoja kimoja namna ile ni mtu ambaye hajawahi kuwa na gari, na anayeliona gari lake kichwani lote, mpaka upande. Ningetoa chochote nimuulize babu lilikuwa gari gani, la rangi gani, na nani angekaa wapi.

Basi tukavivika. Nyanya alivuka nasi, akakaa juu ya kreti la soda chini ya kivuli cha makuti, sahani zake mapajani, akizitoa moja moja. Za mbele zilikuwa kubwa kuliko magurudumu, zikicheza. Mjomba alizitia kalafati kama anavyotia boti: pamba iliyosokotwa na kulowekwa katika sifa, yale mafuta ya papa, akaishindilia katika mwanya kwa patasi na nyundo ya mti mpaka sahani ikakaa kimya. Mikono yangu ilinuka juma zima na chuoni nilikaa peke yangu. Ya nyuma kuume, hata sielewi, iliingia kwa makofi mawili tu.

Ile ya bonyeo ndiyo iliyotutesa. Gurudumu la tela halikuwa na ukingo wa kushikia chochote. Mjomba akaomba azibadilishe, hii iende kwa pikapu na ya pikapu ije huku, itakuwa rahisi. Nyanya akasema, "Mwenyewe ameandika nyuma, kushoto." Mjomba akaomba aitoboe matundu mawili aifunge kwa waya. Nyanya akasema haitobolewi. Kisha nyanya akaniuliza kama mkoba wake wa ukindu uko karibu.

Alikuwa akisuka mikeka maisha yake yote. Alisuka ukili, ule utepe wa majani ya mkindu, lakini mnene, mara tatu ya ukili wa mkeka, huku mimi nikimkunjulia majani na kuyalowesha. Ulipofika urefu tukauzungusha kwenye chuma chekundu, tukaushona mwisho kwa mwisho, mjomba akaunywesha sifa. Kisha akaweka sahani juu yake na kugonga, akizunguka, bonyeo likiangalia chini. Ukili ulilia, ukakubali. Mjomba alishika sahani kwa mikono miwili akaivuta kwa nguvu zake zote na gari likatikisika, sahani haikutoka. Nyanya alisimama, akalizunguka gari kama mara ile ya kwanza, safari hii hakukamata buibui.

Tulisoma Fatiha tukaondoka asubuhi iliyofuata, nyanya nyuma kushoto, mahali alipopachagua mwenyewe bila kusema kwa nini. Barabara wakati ule ilikuwa mchanga na matope, na mashimo ambayo mjomba aliyaita kwa majina. Tulikwama mara mbili. Kila tuliposimama niliruka kwenda kuhesabu sahani, nikarudi na habari kwamba ziko zote nne. Watoto wa njiani walitukimbiza, na mimi, mtoto wa Amu, niliwapungia mkono kama mkuu wa wilaya.

Bi Zena alitoka nje aliposikia mlio. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomfikiri, mikono mbele. Hakulitazama gari. Nyanya alimwendea, Bi Zena akamshika uso, akausogeza karibu kabisa na wake, akautazama muda mrefu sana.

"Naona kama uko nyuma ya pazia," akasema. "Mwezi ulopita ningalikuona."

Nyanya alimshika mkono akamwongoza kwenye gari, akauweka mkono wake juu ya lile gurudumu la nyuma kushoto. Vidole vya Bi Zena vikazunguka ile miale, vikafika katikati.

"Hini sahani imekuya na nani?" akauliza.

"Imekuya na mume wangu," nyanya akasema.

Siku tatu tulizokaa walikuwa hawaachani. Siku ya kurudi mjomba aliing'oa ile sahani kwa bisibisi, na nyanya akamwachia mdogo wake, akisema akae nayo, yeye ataifuata. Gurudumu jekundu likarudi Mokowe uchi, ukili wake umelizunguka, na nyanya hakujali nani analiona. Karibu na Hindi alisema, bila kumtazama yeyote, "Ningalikwenda kwa punda, ningaliwahi mato yake." Mato kwetu ni macho.

Hakuifuata. Lile gari lilikufa injini msimu wa mvua, nyanya akafuata mwaka uliofuata, na Bi Zena hakukawia baada yake. Sahani tatu zilirudi zidakani, safari hii bila chokaa, mtu aweze kuzigeuza.

Juzi Nuru, binti wa dada yangu, alikuwa nami Mkomani. Ana miaka kumi na minne na simu isiyotoka mkononi. Aliielekeza simu zidakani, na kabla sijakaa vizuri akaniambia, "Khalati, hizo ni za gari," akataja gari lenyewe na mwaka lilipoundwa. Jambo lililonichukua miaka tisa na kuivunja nyumba kwa siku mbili, yeye alilimaliza nikiwa bado nikivua viatu. Nikamwambia ashushe moja aigeuze. Akaipiga picha nyuma, akaitazama simu, akaipiga tena. Simu ilisema haijui.

"Imeandikwa nini?"

Sikumwambia. Nilimwambia akae chini, aanze na herufi ya kwanza, mim, aliyoisoma madrasa. Akasoma kwa kidole, kwa kusitasita, mpaka akaipata mbee na akaipata kuume, uso wake ukawaka kama wetu tulipokuwa barazani. Aliteremsha zote. Akazipanga sakafuni kama alivyozipanga nyanya, akaona pengo, akauliza ya nne iko wapi. Nikamweleza kwamba wajukuu wa Bi Zena wanayo hadi leo, wanafunikia mtungi wa maji.

"Witu hapa tu?" akasema. "Si kuna lami sasa, saa moja na kitu? Kwa nini hukuifuata, khalati?"

Nikazihesabu sababu zangu kimoyomoyo. Kwanza nilikuwa nikingoja watoto wakue. Kisha nikingoja barabara itengenezwe. Kisha nikataka nipate gari zuri la kwenda nalo, nisifike kwa watu hivi hivi. Nuru alikuwa bado ananitazama, kidole chake kimekaa pale kwenye pengo, nyuma, kushoto.